Redio ya Bi Mwanabaraka

Redio zilikuwa nyingi pale Tandika, lakini iliyokuwa na jina ni ya Bi Mwanabaraka. Jina lenyewe halikutokana na uzuri wa sauti, maana spika yake ilikuwa ikikwaruza tangu enzi za vita vya Kagera. Lilitokana na tabia yake ya kupanda ghafla. Mtu umekaa uani unachambua mchele, hakuna taarabu, hakuna mpira, hakuna hotuba ya maana, mara unasikia bei ya korosho inatangazwa kwa kelele utadhani nchi imevamiwa. Wageni walishtuka. Wenyeji walitazamana, wakainamisha vichwa, wakaendelea na mchele wao. Walijua kwamba Mbwana ameanza kumpiga mkewe, na Bi Mwanabaraka anasitiri.

Nyumba ilikuwa ya Bi Mwanabaraka mwenyewe, ya vyumba vya kupangisha, ujia katikati na uani nyuma. Kuta zake hazikufika juu, na dari haikuwepo, kwa hiyo mtu akipiga chafya chumba cha mbele, aliombewa afya na wa chumba cha nyuma. Mbwana na mkewe Lulu walipanga chumba kilichopakana na cha mwenye nyumba. Katika hali hiyo, kujifanya husikii ni kazi, na kazi inataka zana. Zana ya Bi Mwanabaraka ilikuwa redio.

Hakuwa mtu mbaya, na hilo lisemwe mapema kabla hamjamkasirikia. Alifanya alivyoona kwao. Utotoni, kule Mbwamaji, jirani yao alipokuwa akipigwa na mumewe, mama yake Mwanabaraka alishika mchi akatwanga, du, du, du, mpaka mambo yatulie. Siku moja mtoto akachungulia ndani ya kinu akakuta hakuna kitu. "Mama, unatwanga nini?" Mama akamjibu bila kusimamisha mchi, "Natwanga aibu ya watu." Mtoto akaona mama yake ni mtu mkubwa sana. Alipokuja mjini, akaolewa, akajenga, akafiwa na mumewe, kinu akakibadilisha na redio, lakini kazi ikabaki ile ile.

Tena yeye mwenyewe hakuwahi kupigwa. Marehemu mumewe, Mwinshehe, alikuwa fundi cherehani mpole, mtu wa kuomba radhi hata akimkanyaga kuku. Kwa hiyo Bi Mwanabaraka alikijua kipigo kama anavyoujua ugonjwa mtu ambaye haujawahi kumlaza: alisikitika, akasema maskini, akalala usingizi wake.

Na huyo Mbwana, wallahi, mchana ungemtafutia kosa usilipate. Alikuwa ameachishwa kazi kiwandani Chang'ombe pale wenye viwanda walipoanza kupunguza watu, sasa anauza mitumba, na kila asubuhi kabla hajatoka alimjazia Bi Mwanabaraka pipa la maji. Bati likivuja, yuko juu. Msiba ukitokea, yeye wa kwanza kubeba vyungu. Zaidi ya yote alikuwa mpiga ngoma wa kikundi cha kinamama cha Nia Njema, ambacho mwenyekiti wake ni Bi Mwanabaraka na mwimbishaji wake ni Lulu. Mkono wake ukigusa ngozi ya ngoma, hata bibi wa magoti mabovu alinyanyuka. Kikundi bila Mbwana kingekuwa cha kupiga makofi tu, na harusi gani ingewaalika wapiga makofi?

Nia Njema walikuwa na ufundi wao, ambao hawakuwa wakimweleza mteja. Walikuwa na wimbo mmoja. Ulipokuja kipindupindu, waliimba tuchemshe maji. Zilipokuja chanjo, waliimba tuwapeleke watoto. Miti, uchaguzi, nyota ya kijani ya uzazi wa mpango, vyote viliingizwa mle mle, kiitikio kikageuzwa kidogo, mgeni rasmi akapangusa machozi akasema hajawahi kusikia wimbo mtamu kama huo. Aliusikia mwaka jana, ila ulikuwa wa mbu.

Basi Novemba ya mwaka tisini na tatu akaja dada mmoja anaitwa Demetria, mwenyeji wa Bukoba, mfanyakazi wa chama kimoja cha wanawake mjini. Akavua viatu, akaketi mkekani, akaamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umetuletea ugonjwa gani leo?"

Demetria alicheka, lakini hakuacha lililomleta. "Si ugonjwa, mama. Kuna siku kumi na sita, kuanzia tarehe ishirini na tano mwezi huu mpaka tarehe kumi Desemba. Dunia nzima wanawake wanasimama kusema kupigwa sasa basi. Siku ya mwisho tunaandamana hadi Mnazi Mmoja, na wageni watakuja kutoka nchi nyingi. Tunaomba wimbo."

"Dunia nzima? Hata Ulaya wanapigwa?"

"Hata Ulaya, mama."

"Na baridi yote ile!" alisema Bi Mwanabaraka, na uani kote wakaangua kicheko. Lulu naye alicheka, akajifunika mdomo kwa upande wa khanga. Alikuwa na jino linalouma tangu wiki ile, au ndivyo alivyosema.

Wimbo ukatengenezwa jioni hiyo hiyo, kwa desturi yao: kila mtu anatia neno, linalokaa linakaa. Mmoja akatia kwamba mke ni mwenzi, mwingine akatia kwamba aliyembeba mwanao usimvunje mbavu. Walipokwama kwenye kiitikio, Mbwana, aliyekuwa anakaza ngozi kwenye moto wa makuti, akainua kichwa.

"Semeni hivi: Mkono wa kumlisha usiwe wa kumliza."

Wanawake walipiga vigelegele. Wakamwita mtunzi, wakamwita shekhe. Demetria akaandika upesi, akasema laiti wanaume wote wangekuwa kama kaka huyu. Bi Mwanabaraka alitazama chini, akaokota kipande cha kijiti, akakivunja, akakitupa. Lulu aliimba kiitikio hicho mara ya kwanza bila kukosea, kwa ile sauti yake ya juu inayokwenda moja kwa moja.

Siku ya maandamano ilikuwa na jua la kuchoma utosi. Nia Njema walivaa khanga za sare, wakaimba toka Ilala mpaka Mnazi Mmoja, Mbwana mbele yao na ngoma shingoni, jasho likimtiririka, watu wakimshangilia. Baada ya hotuba za wakubwa, ambazo ni afadhali tuziruke, akapanda jukwaani mwanamke mfupi, mnene, nywele amezisuka mkia mmoja. Ametoka Peru, akasema mtangazaji, Amerika ya Kusini, anaitwa Elvira. Yeye alizungumza Kiingereza cha kusitasita, Demetria akafasiri.

Alisema anakaa pembeni ya mji mkubwa, kwenye nyumba za mabati na mchanga, maji ya kununua na umeme wa kubahatisha.

"Huyo katokea Mtoni huyo, jirani zetu," alinong'ona mtu, wakacheka chini chini.

Alisema mtaani kwao kila mwanamke ana firimbi. Akianza kupigwa, anapuliza. Jirani akisikia, naye anapuliza huku anakwenda, na wa tatu, na wa nne, mpaka wote wamefika mlangoni. Hawampigi mtu. Wanasimama tu hapo. Mwanamume anayempiga mkewe, alisema, anategemea kitu kimoja tu, kwamba hakuna atakayekuja.

Bi Mwanabaraka alihisi jua limemzidi. Alijipepea na upande wa khanga.

Mambo yalipokwisha, Elvira alikuja na Demetria kuwapongeza. Akamkumbatia Lulu kwa ile sauti, akavua firimbi aliyokuwa nayo shingoni, akamvalisha. Kisha akamgeukia mwenyekiti na kuuliza kitu. Demetria akafasiri: "Anauliza, mama, nyie kule kwenu mkisikia mwenzenu anapigwa, mnafanyaje?"

Wanawake wa Nia Njema wote walimtazama mwenyekiti wao. Mbwana alikuwa hatua chache tu, anakunja kamba za ngoma. Bi Mwanabaraka akajichekesha.

"Mwambie kwetu sisi mambo hayo hakuna. Tunaishi kwa masikilizano."

Lulu alikuwa amesimama ubavuni pake. Alimtazama bibi yule usoni, si kwa hasira, ingekuwa nafuu. Alimtazama kama mtu aliyefika dukani akaambiwa sukari imekwisha, naye alijua tangu nyumbani. Kisha akainamisha macho. Demetria hakuwa mjinga. Kabla hawajaachana alisema, bila kumlenga mtu, kwamba ofisini kwao yupo mwanasheria mwanamke, na anayekwenda hatozwi kitu.

Jioni ile ile, adhana ya magharibi imetoka punde, ugomvi ukaanza. Umemwambia nini yule mama? Kwa nini akuvalishe wewe firimbi, wenzio hakuwaona? Unanitangaza kwa wageni? Sauti ya Lulu ilijibu kidogo kidogo, kisha ikasikika ile ya kiganja. Mkono wa Bi Mwanabaraka ukaenda kwenye redio wenyewe, kama ulivyozoea. Ilikuwa saa ya matangazo ya vifo. Majina ya marehemu na jamaa zao wa Singida, Tanga na Masasi yalisikika hadi barabarani, na jirani wote wakajua.

Asubuhi Mbwana alijaza pipa kama kawaida. Kisha akaja mlangoni, akaamkia kwa adabu, akatoa mfukoni betri mpya zimefungwa kwenye karatasi.

"Za redio hizi, bibi. Umeme wenyewe ndo huu wa mgawo, nikasema bibi yangu asije akakwama."

"Ahsante, baba. Mbona umejisumbua?"

"Si usumbufu." Akapunguza sauti, akatabasamu lile tabasamu lake la kupendwa na mtaa mzima. "Mie najua, bibi. Watu wengine wangetia maneno. Wewe unatusitiri. Tunashukuru sana."

Akaenda zake Kariakoo na mzigo wa mitumba begani, anapiga mluzi. Ulikuwa ni ule wimbo.

Bi Mwanabaraka aliketi kitandani na betri mapajani. Zilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Mtu akikupa kitu, amekulipa au amekushukuru kwa kazi, na sasa alijua kazi yake ilikuwa ipi. Miaka yote alidhani anamsitiri Lulu. Kumbe aliyekuwa anahudumiwa ni mwingine, na ameridhika na huduma, na ameleta betri ili isikatike. Uso ulimwaka. Alisikia haya ambazo hakuwahi kuzisikia tangu uwali wake, haya za kutamani ardhi ipasuke.

Akatoka uani. Lulu alikuwa anafua, mgongo kwake, upande mmoja wa uso umevimba. Kwenye taka zilizofagiliwa, kando ya karo, palikuwa na vipande vya firimbi, vimekanyagwa.

"Lulu, mwanangu."

"Abee, bibi."

"Nikiwasha ile redio..." Akakwama. Maneno yaliyomjaa mwenyekiti wa Nia Njema siku zote leo yalimkimbia. "Nikiwasha, wewe huko ndani unasikiaje?"

Lulu alilikamua shati la Mbwana, akalikung'uta, akalianika.

"Mwanzoni nilikuwaga nashukuru," alisema hatimaye. "Nilisema angalau watu hawasikii ninavyolia. Lakini yeye, bibi, kabla haijapanda huwaga anapiga kwa woga woga. Anasikiliza mlangoni. Ikishapanda, anajiachia."

Bi Mwanabaraka alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akalia pale pale, mwanamke mzima, bila kujifunika uso. Lulu alimwacha alie. Aliendelea kuanika nguo, na hakuwa na kosa.

Chumba cha mbele alikaa Kokuberwa, Mhaya wa Muleba, mpika maandazi, mwanamke wa mikono mikubwa na maneno machache. Bi Mwanabaraka alimwendea mchana ule ule, akamkuta anaukanda unga.

"Kokuberwa, hivi wewe mbona hujawahi kugonga kwa Mbwana? Wewe huogopi mtu."

Kokuberwa aliacha kukanda. "Nigonge? Kwetu mwanamke akilia hivyo, inapigwa yowe, watu wanakuja toka kilima cha pili. Nilipofika hapa, siku ya kwanza, nilishatoka na mwiko wangu. Nikasikia redio. Nikauliza uani, wakaniambia ni ya mama mwenye nyumba, anafanyaga hivyo. Nikajua ndo mila ya Pwani, mgeni asiingilie." Alimtazama. "Kumbe si mila?"

"Si mila," alisema Bi Mwanabaraka. "Ni mimi tu."

Wakawaita wanawake wa Nia Njema wachache waliokuwa na kifua cha kutunza neno. Suala likawa ni sauti gani itumike. Firimbi hakuna. Redio haitakiwi hata kutajwa. Kokuberwa akasema basi tupige yowe, la Kihaya, nitawafundisha. Wenzake wakamkatalia kwa pamoja: yowe mjini maana yake ni mwizi. Vijana wa kituo cha daladala watakuja na mawe na tairi, watafute mtu wa kuchoma kabla hawajauliza. Mbwana ni muovu, lakini hakuna aliyetaka kumwona akiungua, sembuse Lulu.

"Tunataka sauti ya kuwaleta watu mikono mitupu," alisema Bi Mwanabaraka. "Waje wanacheka."

Akawatazama wenzake mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ukawa na kitu kinachofanana na utundu.

"Tutapiga vigelegele."

Walisubiri. Hakuna aliyependa kusubiri vile, kwa kuwa maana yake ni kusubiri mwenzao aumizwe. Lulu aliambiwa. Aliambiwa pia kwamba akitaka kuondoka hata leo, aondoke, nauli ya kwenda kwao Kilwa itachangwa. Alifikiri sana akasema hataki kwenda Kilwa kama mwizi, kosa si lake. "Atakapoanza," alisema, "mie sitanyamaza kama siku zote. Nitasema kwa sauti. Lakini mje kweli." Alilirudia hilo neno la mwisho, akimtazama Bi Mwanabaraka peke yake.

Ilikuwa Jumapili, baada ya alasiri. Mtaa umejaa. Wanaume wako kibarazani wanakunywa kahawa na kusikia habari za mpira, na miongoni mwao alikuwemo Mzee Khalfani, mjomba wake Mbwana, aliyemwozesha Lulu. Wasichana wanasukana. Ndani, Mbwana amekosa shati lake la kutokea, lenyewe limelowa kwenye kamba. Ikaanza hivyo hivyo, kwa shati.

"Usinipige, Mbwana!" Sauti ya Lulu ilipanda juu ya kuta zile fupi, sauti ya mwimbishaji, ikatua kila chumba. "Nimekwambia usinipige!"

Kiganja kikasikika. Kisha kimya. Bi Mwanabaraka alikuwa amesimama katikati ya chumba chake, na akaelewa kimya kile ni cha nini. Mbwana anasubiri. Akagonga ukuta kwa vidole, taratibu, kama mtu anayemkumbusha mwenzake.

"Bibi," aliita. "Bibi, redio."

Hapo ndipo woga ulipomtoka Bi Mwanabaraka, ikabaki ghadhabu tupu. Akachukua betri zilizokuwa dirishani bado kwenye karatasi yake, akatoka hadi ujiani, akasimama mbele ya mlango wa Mbwana, akajaza pumzi, akapiga kigelegele. Kilikuwa kirefu, chembamba, cha kumpokea bibi harusi. Kokuberwa akakipokea toka chumba cha mbele, kibaya kwelikweli, maana kwao havipigwi hivyo, lakini kikubwa. Uani wakapokea. Nyumba ya pili wakapokea. Mpaka kwa muuza mkaa wakapokea hata wasiojua kitu, kwa sababu mwanamke wa Pwani akisikia kigelegele hawezi kukiacha kipite bila kukijibu.

Mtaa ukanyanyuka. Wasichana wakaja na nywele nusu zimesukwa. Wanaume wakaja na vikombe vyao mkononi. Wakajazana ujiani, meno nje, wengine wanauliza, "Kuna nini? Posa? Kuna mtoto?" Mzee Khalfani alikuwa mbele, anacheka. "Kuna heri gani, Bi Mwanabaraka?"

"Kuna heri, mzee wangu!" alisema, na alihakikisha wa nyuma wanasikia. "Mwanao Mbwana anampiga mkewe. Kila siku anampigia gizani, hakuna wa kumtazama. Nikaona leo tuje tumtunze. Fundi kama huyu asikose watazamaji!"

Vicheko vilikatika. Mlango ukafunguka, Mbwana akatokea kifua wazi, tabasamu lake tayari mdomoni kwa mazoea. Akaona nyuso. Akaona mjomba wake na kikombe cha kahawa. Tabasamu likabaki pale halina pa kwenda.

"Bibi, mambo ya ndani haya," alisema. "Mie na mke wangu..."

"Si ulisema nakusitiri? Nimeacha kazi." Akaushika mkono wake, akamwekea betri kiganjani, akazifumba na vidole vyake. "Zako hizo. Nafasi tafuta mtu mwingine."

Mbwana alitazama betri, akatazama watu, na pengine ni idadi ya macho, pengine ni kwamba hakuna aliyepiga wala kutukana, wote wamesimama tu. Akainamisha kichwa. Mzee Khalfani alimwaga kahawa yake sakafuni. Hakuinua sauti. "Mie ndo niliyekwenda kumposa mtoto wa watu," alisema. "Umeniweka wapi?"

Nyuma ya Mbwana akatokea Lulu. Jicho limevimba, khanga kaifunga vizuri, kichwa juu. Watu walimpisha. Hakuna aliyepiga kigelegele sasa, ingawa Bi Mwanabaraka alitamani.

"Chumba hiki," alisema mwenye nyumba, "kuanzia leo nimempangisha Lulu. Wewe, baba, chukua nguo zako na ngoma yako. Maji ya pipa langu nitanunua mwenyewe."

Kuna walioguna. Mmoja wa kibarazani alisema hivyo sivyo, watu wa ndoa wakalishwe wasuluhishwe. Kokuberwa alimtazama tu, bado ana unga mikononi, na yule bwana akagundua kahawa yake inapoa. Mbwana aliondoka na mjomba wake kuelekea Kigamboni kwa ndugu zao, ngoma begani, jua halijazama, mtaa mzima ukimtazama. Huko nyuma hakuwahi kuondoka pahala bila watu kumuaga kwa kumpungia mikono.

Watu walipotawanyika, umeme nao ukakatika, zamu ya Tandika. Bi Mwanabaraka aliwasha taa ya chemli, akamtengenezea Lulu chai ya tangawizi, akamweka kitandani kwake. Kesho yake wangekwenda mjini kwa Demetria, kwa yule mwanasheria. Lulu mwenyewe ndiye aliyelisema hilo.

Ukutani redio ilikuwa bubu.

"Weka redio, bibi," alisema Lulu. "Leo Jumapili, kuna taarabu."

"Umeme hakuna, mwanangu. Na betri nimempa mwenyewe."

Lulu alicheka, mdomo ukamuuma, akacheka hivyo hivyo. Kisha kicheko kikaisha, na akauliza swali ambalo Bi Mwanabaraka alikuwa analisubiri tangu alasiri.

"Siku zote zile, bibi. Ulikuwa unasikia?"

Angeweza kusema kuta, angeweza kusema uzee, angeweza kusema mama yake na kinu. Yote yalikuja ulimini. Akayameza.

"Nilikuwa nasikia kila kitu."

Lulu aliitikia kwa kichwa. Alikunywa chai yake polepole, upande usiouma. "Na mie nilikuwa nakusikia," alisema. "Ukishaiwasha, ulikuwa unakohoa. Nilikuwa nasema moyoni, labda leo anakuja."

Akamrudishia kikombe, akaomba aongezewe.